Waliofika Loki

Watu wakishajua kwamba nilifanya kazi Lokichoggio, Loki kwa kifupi, wakati wa vita vya Sudan, swali lao huwa lile lile: niliona watu wangapi wakikata roho? Mimi huwajibu kwamba waliokufa nimewashika mkono kule ni wachache kuliko waliokufa nimewashika mkono hapa nyumbani, kando ya barabara ya Kitale, katika wiki chache za mwaka 1992. Wengine hudhani natania. Mzee mmoja wa kanisa letu aliwahi kuniambia nisiwapunguzie Wasudani vita vyao. Sipunguzi kitu. Vita vile vilianza 1983, mkataba wa kuvimaliza ukatiwa saini Januari 2005, na viliua watu wengi kuliko fujo yoyote iliyowahi kupita kwetu. Ila mimi nilikuwa hospitalini, na hospitali huwaona wale tu waliofika.

Asiyepajua kwetu Kamukuywa na apande gari kutoka Webuye kwenda Kitale. Atapita Lugulu, atapita Misikhu, atateremka hadi mtoni kwenye daraja ambalo madereva wa malori wanalijua kwa ubaya, kisha atapanda hadi sokoni. Mkono wake wa kushoto, ukungu ukiondoka, ataona Mlima Elgon. Barabara hiyo ni ile A1 inayotoka Isebania, mpakani na Tanzania, ikapita Kisumu na Kakamega. Ukiipita Kitale inashuka Marich, inakata jangwa hadi Lodwar, inafika Kakuma, na mwisho Loki, karibu na mpaka wa Sudan Kusini ya leo. Malori mengi ya chakula cha msaada yaliingia Kitale kwa njia ya Eldoret, hayakupita kwetu, lakini kati ya madereva na matanboi walikuwemo vijana wa Kamukuywa, na wao ndio walioleta habari kwamba kuna Wazungu huko mbali wanaandika watu kazi ya wodi na wanalipa mwisho wa mwezi bila kuchelewa. Nikaenda. Sitajifanya nilikwenda kwa huruma. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, shamba la baba lilikuwa limegawanywa hadi likaisha, na mshahara ni mshahara.

Lakini kazi ya vidonda nilikuwa nimeiona kidogo. Mtu wa kwanza kunionyesha jinsi kidonda kinavyotendewa hakuwa daktari. Alikuwa jirani yetu, mzee aliyekuwa dresa katika kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Mashariki na akafika Burma na Divisheni ya 11 mwaka 1944. Aliporudi alifungua kibanda nyuma ya soko. Alikuwa na beseni la enameli, sufuria ya kuchemshia, mkasi, chupa ya dawa ya zambarau na ukali mwingi. Ukija kwake umekatwa na jembe asubuhi hiyo hiyo, alikuosha akakushona. Ukija na jeraha la panga la juzi, alikuosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akaweka shashi, akakuambia urudi baada ya siku kadhaa, na kidonda kiko wazi vile vile. Akina mama walinung'unika kwamba mzee anabagua, huyu amemshona, yule amemwacha. Hakuwaeleza. Nadhani jeshi lilikuwa limemzoesha kupokea amri bila sababu, naye akazitoa hivyo hivyo.

Kuhusu Burma alisimulia machache, na karibu yote yalikuwa ya tumbo na mbu. Alituambia juu ya Bonde la Kabaw, matope hadi magotini, na vidonge vya mepakrini vilivyowageuza ngozi askari Wazungu wakawa njano. Jenerali Slim, aliyekuwa mkuu wa Jeshi la 14 kule, aliandika baadaye kwamba mwaka 1943 kila alipoondolewa askari mmoja mwenye jeraha, waliondolewa 120 wenye maradhi. Mzee wetu hakukisoma kitabu hicho, ila aliijua hesabu yake, maana ni yeye aliyekuwa akimwaga mabeseni. Tena ilikuwa habari ya nyumbani kwao: baba yake alichukuliwa kubebea Waingereza mizigo katika vita vya kwanza, asirudi. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na kuhara, malaria na chakula kibaya waliwazidi kwa mbali waliouawa na Mjerumani.

Nilifika Loki mwaka 1991. Hospitali ya Lopiding iko nje kidogo ya mji. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliifungua mwaka 1987 ikiwa ndogo, na katika miaka ya 90 ikapanuka hadi kupita vitanda 500, ikahesabiwa miongoni mwa hospitali kubwa kabisa za upasuaji wa vita duniani. Ilikuwa ndani ya Kenya, na wagonjwa wengi walitoka ng'ambo ya mpaka, wakiletwa na ndege ndogo nyeupe zenye msalaba mwekundu. Madaktari wapasuaji walikuja kwa zamu za miezi michache, kutoka Finland, Norway, Uswisi na kwingineko. Sisi Wakenya tulibaki. Daktari mgeni akishuka kwenye ndege, wiki ya kwanza ni sisi tuliomfundisha, ingawa kwa heshima, tukimwachia adhani anatufundisha.

Maana vita vina upasuaji wake. Daktari aliyezoea hospitali ya mjini huona kidonda akatafuta sindano na uzi. Kule sheria ya kwanza ilikuwa kutoshona. Risasi ya bunduki ya kivita haipiti mwilini ikaacha tundu tu. Inapasua na kuitikisa nyama iliyo pembeni, inaiua, inaingiza ndani vipande vya nguo, majani na udongo. Ukishona juu ya hayo yote umeyafungia ndani, na baada ya siku chache mguu unavimba, unanuka, kisha unautafutia msumeno. Kwa hiyo siku ya kwanza kazi ni kukata nyama iliyokufa yote. Tuliijua kwa rangi yake, kwa ulegevu wake, kwa kutoshtuka inapoguswa na mkasi, na kwa kutotoa damu. Ukimaliza unajaza shashi kavu, unafunga, na hufungui. Kutofungua ndiko kulikowashinda wengi. Bandeji inalowa, inanuka kidogo, mgonjwa analia aoneshwe mguu wake, nesi mgeni anatamani kuchungulia kila asubuhi. Ukichungulia umeingiza wadudu wa wodi nzima. Siku ya nne au ya tano mgonjwa anarudishwa thieta, analazwa kwa dawa, ndipo kidonda kinapofunguliwa. Kikiwa chekundu na safi, sasa kinashonwa. Kumbe mzee wa nyuma ya soko alikuwa akituonyesha hilo miaka yote, kwa beseni moja.

Jambo jingine lililowachukiza wagonjwa ni risasi zenyewe. Mtu akipigwa anataka atolewe risasi, aione, aifunge kwenye kitambaa aende nayo. Wapasuaji wetu hawakuifukuza risasi. Ikiwa imetulia ndani ya nyama, haiko kwenye kiungo na haigusi mshipa mkubwa, inaachwa, kwa sababu kuitafuta kunaharibu zaidi ya ilivyoharibu yenyewe. Nilitumia masaa mengi kuwaeleza watu jambo hili kwa Kiarabu cha Juba nilichookota wodini, na sidhani kama nilimshawishi hata mmoja. Waliona tumewaibia.

Dawa ya usingizi ilikuwa ketamini. Ni dawa ya ajabu: haimzuii mtu kupumua, haihitaji mashine kubwa, na macho ya mgonjwa hubaki wazi. Vijana wa Kidinka wana nyimbo za mafahali wao, kila kijana na fahali wake, na walipopata dawa hiyo baadhi yao waliimba. Nimewahi kushika mguu wa kijana huku daktari akiukata chini ya goti kwa sababu ya bomu la kutegwa ardhini, na kijana anaimba kwa sauti kamili, beti baada ya beti, macho yakiangalia paa. Daktari aliniuliza anasema nini. Msudani aliyekuwa akitusaidia alisema anasifu pembe.

Bunduki ziliachwa nje ya lango. Ndani hakukuwa na mwanajeshi wala mwasi, na sheria hiyo ilisemwa kwa upole ila haikupindishwa. Ilijaribiwa vibaya mwishoni mwa 1991. Agosti ya mwaka ule makamanda wa waasi Riek Machar na Lam Akol walijitenga na mkuu wao John Garang huko Nasir, na kufikia Novemba watu wa Bor walikuwa wanachinjwa. Wodi zikajaa Wadinka na Wanuer waliokuwa jeshi moja miezi michache nyuma. Uongozi ulikataa kutenga vyumba. Tukawapanga tulivyoona hekima, tukiweka kitanda cha Mturkana au Mtoposa katikati, maana hao nao walikuwa na vita vyao vya ng'ombe na walikuja na risasi zile zile. Usiku mmoja wagonjwa walipigana kwa magongo yao ya kutembelea. Asubuhi tuliwarudisha watatu thieta, mishono imefumuka. Daktari aliyekuwa zamu alisema maneno ya kwao ambayo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Jioni moja tulikuwa tunapitia daftari la wodi na daktari mpasuaji, mama wa makamo, mtu asiyecheka ovyo. Nikasema, kwa majivuno ya ujana, kwamba kwa wiki kadhaa hatujapoteza karibu mtu yeyote. Hakunisifu. Aliniambia nisimame mlangoni niangalie wodi, nimweleze ninaona majeraha ya wapi. Nikaangalia. Miguu. Mikono. Mapaja yaliyoning'inizwa kwa uzito wa kuvuta mfupa. Mkono tena. Taya moja. Akaniuliza, "Wa tumbo wako wapi? Wa kifua? Wa kichwa?" Walikuwepo, lakini wa kuhesabika. Risasi haichagui miguu. Mtu akisimama mbele ya bunduki, kifua na tumbo lake ni pana kuliko muundi wake. Kama wodi imejaa miguu, basi wenye matumbo wako mahali fulani, na mahali penyewe ni huko nyuma: kwenye majani ya Bahr el Ghazal, kwenye vinamasi vya Upper Nile, kando ya njia ambayo wenzao waliwabeba siku tatu, nne, wiki, wakingoja ndege ipate ruhusa ya kutua.

Ruhusa hiyo ilikuwa ya kweli. Kuanzia 1989 ndege za misaada ya Umoja wa Mataifa zilipita chini ya mpango wa Lifeline Sudan, na Msalaba Mwekundu uliruka kwa makubaliano yake wenyewe, lakini wote walihitaji neno la Khartoum, na kulikuwa na nyakati ambapo neno hilo halikuja. Ndege zikizuiwa, wodi zilipungua. Mgeni angeona vitanda vitupu akadhani kuna utulivu. Sisi tuliosikiliza redio ya mawasiliano tulijua kuna watu wamelazwa chini ya mti karibu na kiwanja cha ndege, na kila siku inayopita orodha yao inafupishwa bila daktari.

Tangu siku ile sikuweza tena kuiangalia wodi yetu kama zamani. Tulikuwa hodari, sikatai. Tulisafisha, tulifunga, tuliongeza damu, fundi wa karakana alitengeneza miguu ya plastiki watu wakatembea. Lakini waliotufikia walikuwa wameshachujwa na njia. Mtu aliyebebwa siku tano na mguu uliovunjika akafika hai ni mtu ambaye mwili wake umekwisha kuamua kuishi. Kazi yetu ilikuwa kutomharibia.

Baadaye nilipopata vitabu nilikuta kwamba majeshi makubwa yamekutana na hesabu hii kwa upande wa pili. Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa Napoleon, alibuni magari mepesi ya farasi ya kuwachukua majeruhi vita vikiendelea, badala ya kungoja viishe. Wamarekani walitumia helikopta Korea, na Vietnam wakazitumia zaidi. Wangetarajia kwamba majeruhi wanaofia hospitalini wangepungua. Korea walikuwa kama 2.5 kwa kila 100. Vietnam, pamoja na helikopta zote zile, idadi ilipanda kidogo. Madaktari hawakuwa wamepoteza ujuzi. Helikopta ilikuwa ikiwaletea watu ambao zamani wangekufa shambani, na baadhi yao walikufa mezani. Hospitali inaweza kuonekana mbaya kwa sababu barabara imekuwa nzuri.

Mwanzoni mwa 1992 nilirudi nyumbani likizo. Likizo yenyewe sikuiona. Mapigano ya ardhi yaliyoanzia Meteitei, Nandi, Oktoba 1991 yalikuwa yamefika kwetu, Endebess na mitelemko ya Elgon, kati ya majirani waliokuwa wakioleana. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilichunguza mwaka ule ule na kuweka wazi kwamba wanasiasa na maofisa wa serikali walikuwa na mkono ndani yake. Wakati huo hatukuhitaji kamati. Vyama vingi vilikuwa vimerudi Desemba, uchaguzi ulikuwa mbele, na watu walikuwa wanashuka mlimani na magodoro vichwani, wakipita Kimilili, wakilala madarasani na makanisani. Kamukuywa ilijaa hadi mto ukachafuka.

Nilikwenda kusaidia katika hospitali moja ya misheni kando ya barabara. Huko ndiko nilikokutana na mishale. Loki sikuwa nimeshika mshale hata mmoja. Mshale ni kinyume cha risasi: hautikisi nyama ya pembeni, unakata njia yake nyembamba na kukaa humo ukiwa umeziba, na mara nyingi kilichouzuia mshipa usimwage damu ni mshale wenyewe. Ukiuvuta umefungua bomba. Kichwa chake kina miiba ya kurudi nyuma, kwa hiyo unapouvuta unatoka na usichotaka kitoke. Watu wenye nia njema walikuwa wanawavuta ndugu zao mishale barabarani, kisha wanawaleta. Na walisema imepakwa sumu. Pengine baadhi ilipakwa. Wengi niliowaona waliuawa na kuvutwa, si na sumu.

Mtu mmoja aliletwa na pikapu kutoka upande wa juu wa Kimilili, hata nusu saa haijaisha tangu apigwe, mshale uko tumboni, haukuguswa kwa sababu mkewe alikataa katakata mtu kuushika. Alikuwa anaongea. Aliomba maji, tukamnyima kwa sababu ya tumbo. Aliuliza habari za ng'ombe wawili na akataja jirani gani awatunze, jirani wa kabila lile lile la waliompiga. Mpasuaji alikuwepo, damu ilikuwepo kidogo, thieta ilikuwa tayari. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa. Nikiwa nakunja shuka nikamkumbuka yule mama wa Loki na swali lake, maana hapa ndipo walipokuwa wa tumbo. Walikuwa huku kwetu Bungoma, kwa sababu Bungoma ilikuwa na pikapu na lami, na Upper Nile haikuwa nazo. Kwa wiki chache tulipokea wa kifua, wa shingo, mtoto aliyepigwa panga kichwani. Kwa hesabu ya daftari tulikuwa hospitali mbaya sana.

Tuliwafunga bandeji Wabukusu na tuliwafunga Wasabaoti, pande zote mbili za mapigano. Hapakuwa na lango la kuachia silaha. Muuguzi mmoja mwanamke alisimama mlangoni akiwa na ufagio, na alitosha.

Niliporudi Loki, Mei 1992, mji wa Kapoeta ng'ambo ya mpaka ulianguka mikononi mwa jeshi la serikali, na vita vikasogea hadi karibu na mlango wetu. Watu wakaja kwa miguu kupitia Narus, maelfu kwa maelfu. Na kwa mara ya kwanza wodi zetu zikaanza kufanana na zile za nyumbani: matumbo yakaja, vifua vikaja, na vifo vikaongezeka. Daktari mpya, aliyefika mwezi huo, aliogopa kwamba kuna kosa katika kazi yetu. Nilimweleza. Sijui kama alinisadiki, kijana wa wodi mwenye Kiingereza cha kidato cha nne, lakini aliacha kuwafokea manesi.

Mwaka ule ule wakaja wavulana wa Kisudani. Dunia ilikuja kuwajua baadaye, baadhi yao walipopelekwa Marekani na magazeti yakawaandika. Sisi tuliwaona wakifika: makundi ya watoto waliotoka kambi za Ethiopia baada ya utawala wa Mengistu kuanguka Mei 1991, wakapita Pochalla, wakatembea kusini hadi Loki, kisha Kakuma kambi ilipofunguliwa. Kisu hakikuwa na kazi kubwa kwao. Walihitaji chanjo ya surua, maji safi, chumvi na sukari ya kuzuia kuishiwa maji, vyoo, na mtu wa kusimamia vyoo. Nyayo zao zilikuwa na nyufa za kuingiza kidole. Nilifikiria Burma ya mzee wetu. Picha zilizopigwa Loki na waandishi zilikuwa za ndege na za thieta. Sikuona mpiga picha aliyelipwa kupiga choo, ingawa naamini choo cha Kakuma kiliokoa watoto wengi kuliko meza yetu.

Niliondoka Loki kabla ya mwisho. Amani ilipokuja, Lopiding ikakosa kazi iliyojengewa, na mwaka 2006 Msalaba Mwekundu ukaikabidhi kwa serikali ya Kenya. Watu wa Turkana walisikitika kuliko Wasudani, na walikuwa na haki, kwa sababu hospitali ya vita vya wengine ilikuwa imewatibu na wao.

Machi 2008, nikiwa nimesharudi nyumbani, jeshi la Kenya lilipanda Mlima Elgon kuwakabili wapiganaji wa SLDF, kundi la Wasabaoti, katika Operesheni Okoa Maisha. Wapiganaji walikuwa wamewakata watu masikio na kuwaua. Jeshi nalo, kama Human Rights Watch walivyoandika Julai mwaka ule, lilitesa na kuua watu na wengine hawakuonekana tena. Sikuwa nikifanya kazi yoyote kule, na siwezi kushuhudia nisiyoyaona. Ila kijana mmoja wa shirika alipita kwetu akiwa na karatasi yenye idadi ya waliotibiwa, akaisoma kwa sauti sokoni kama mtu aliyemaliza hesabu. Nilimuuliza hawa wametibiwa wapi, baada ya siku ngapi, na waliletwa na nani. Alidhani nina shaka na uaminifu wake.

Siku hizi nakaa hapa hapa, karibu na daraja. Ajali za barabara hii zinatuletea majeraha ambayo Loki ingeyatambua: mapaja yaliyovunjika, vifua vilivyobanwa na usukani, watu waliorushwa. Tofauti ni boda boda. Gari likianguka, kabla polisi hawajapigiwa simu pikipiki tano ziko pale, na majeruhi ameshakaa katikati ya watu wawili anakimbizwa hospitalini. Manesi wanalalamika kwamba boda boda wanawaletea watu wa kufa, na kwamba takwimu zao zinaharibika. Nikisikia malalamiko hayo, moyoni nafurahi, ingawa sithubutu kuwaambia manesi.

Hata hivyo wanawabeba vibaya. Mtu mwenye shingo iliyovunjika anakalishwa wima kama abiria. Kwa hiyo siku zisizo na mvua huenda stejini nikakaa na vijana, nikawafundisha yale machache: usivute kilichochoma, bonyeza panapotoka damu na usiachie kuchungulia, asiyejitambua mlaze ubavu, mwenye maumivu ya shingo asibebwe kwa pikipiki hata akikuomba, tafuta ubao na pikapu. Wananisikiliza nusu, nusu wanaangalia abiria. Juzi mmoja aliuliza glavu atazitoa wapi, kwa sababu anaogopa damu ya watu. Nilimwambia karatasi ya plastiki ya mkate inatosha, avae mbili. Akauliza na mkate nani atanunua. Wakacheka wote, kisha mwenyekiti wa steji akatoa noti, akamtuma dukani.